Kengele ya Geti la Nyuma

Simu yangu hailii. Niliizima sauti nilipoacha kazi yangu ya kwanza, na hata mtikiso niliuondoa, kwa hiyo anayenitafuta hunipata pale ninapoamua mwenyewe kuitazama. Mume wangu amelalamika mpaka amechoka. Shuleni kwa watoto wameandika mahali kwamba mama huyu apigiwe mara tatu kabla ya kukata tamaa. Watu hudhani ni maringo ya mtu wa kompyuta. Si maringo, ni kinyaa. Kile kisauti cha ting, chenye furaha isiyo na sababu, kikitoka kwenye simu ya mtu aliyekaa karibu nami benki au kanisani, mate hunijaa mdomoni kama ninataka kutapika, na hulazimika kutazama kwingine mpaka hali hiyo ipite. Ndiyo maana habari za kifo cha Mama Nafula nilizikuta Ijumaa jioni, wakati Otieno alikuwa amenipigia mara saba tangu asubuhi. Otieno tulikuwa pamoja kwenye kazi ile ya kwanza, yeye akichora kurasa za tovuti na mimi nikiandika programu, na ndiye mtu pekee wa ofisi ile ambaye bado ninaweza kumtazama usoni. Aliniambia mkutano wa matanga ungekuwa Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa Kaloleni. Kisha akauliza kama kweli ningeenda. Nilimwambia ningeenda. Nilipokata simu nilikwenda kuosha mikono, sijui kwa nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipopanga chumba kwa Mama Nafula. Nyumba za Kaloleni ni zile za mawe na vigae walizojengewa wafanyakazi wa reli na wa baraza la mji enzi za ukoloni, na yake ilikuwa na sebule iliyogawanywa kwa ubao mwembamba. Upande mmoja palikuwa na viti vyake vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na kabati la vyombo vya wageni ambavyo sikuwahi kuona mgeni akivitumia. Upande wa pili kulikuwa na kitanda changu, meza na kompyuta. Ubao ule ulizuia macho tu. Nilisikia kila kilichosemwa sebuleni, hata chai ikimiminwa kikombeni, na nina hakika nao walivisikia vidole vyangu vikigonga usiku na mchana. Mama Nafula alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Alirudi akinuka sabuni ya ndimu, na miezi ya kwanza niliipenda harufu ile, nikaiona ni harufu ya usafi. Binti yake, Nafula, alikuwa shule ya bweni, basi mezani tulikuwa wawili. Alipika ugali na mrenda. Kwetu hatuli mboga inayovutika, na siku ya kwanza nilimeza nimefumba macho. Aliniona, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

"Kula tu, Njoki," aliniambia. "Hii inateremka yenyewe, haikupi kazi."

Kufikia Aprili nilikuwa ninakomba sahani. Kwenye meza ile, kando ya chupa ya chai, palikaa daftari nene la jalada gumu, limefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na daftari hilo ndilo lililoendesha geti la nyuma la kiwanda. Alinieleza kwamba zamani wanawake walisukumana getini kila asubuhi, msimamizi akatoka na kuchagua kwa kidole, na waliochaguliwa walikuwa wenye nguvu za kusukuma au wenye sura ya kumpendeza. Basi wanawake wenyewe wakakubaliana kuandikana. Ukifika, unaandikwa. Msimamizi akitaka watu kumi, wanaingia kumi wa kwanza, na anayeingia jina lake linakatwa kwa mstari mmoja. Asiyeingia jina lake haliachwi nyuma. Kesho yake linahamishiwa ukurasa mpya, juu ya wageni wote, na litahamishwa hivyo hivyo kila siku mpaka zamu yake ifike. Mtu hajikati mwenyewe, anakata mwenye daftari. Aliyefiwa, aliyejifungua, aliyelazwa hospitali na mtoto, jina lake liliendelea kusafiri kutoka ukurasa hadi ukurasa likimngoja. Msimamizi aliukubali utaratibu huo kwa sababu ulimwondolea kelele. Mwenye daftari alikuwa Mama Nafula kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta akimpendelea mtu, hata yeye mwenyewe alijiandika pale alipofikia. Nimefanya kazi na wahandisi wengi tangu wakati huo, wengine wenye shahada za ng'ambo na miwani ya bei mbaya, na sijaona mfumo uliopangwa vizuri kuliko ule.

Mimi ndiye niliyeupeleka ofisini. Ofisi yetu ilikuwa Makadara, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chumba kimoja chenye zulia la kijivu lililonuka soksi. Mwenye kampuni aliitwa Mbugua. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, shati jeupe kila siku, na mazoea ya kula chipsi na kuku akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akitaka kunionyesha kitu alikigusa kwenye skrini, na kidole kiliacha doa la mafuta juu ya kazi yangu, na chini ya doa hilo ndipo nilipotakiwa kuandika. Hakuwahi kusema watu. Alisema watumiaji, na alilitamka neno hilo akilamba chumvi kidoleni. Siku moja tukiwa tunatafuta kitu cha kutengeneza, nilimsimulia habari za daftari. Nilijivuna, kana kwamba ni mimi niliyelibuni. Mbugua aliacha kutafuna. Wiki mbili baadaye alikuwa ameshakubaliana na kiwanda, na mimi nilikuwa ninajenga tovuti ambako msimamizi angetangaza idadi ya vibarua anaotaka, na wa kwanza kubonyeza ndio wangeingia. Nilimuuliza zamu zingekuwaje, hasa majina yale yanayohamishwa. Alisema hayo tutaongeza baadaye. Nimekuja kujifunza kwamba katika kazi yetu baadaye ni kaburi, lakini wakati huo niliamini.

Mama Nafula hakunikasirikia. Alikuwa wa kwanza kujiandikisha, na wa kwanza kuniletea malalamiko. Ili kujua kama kazi imetangazwa ilibidi mtu aufungue ukurasa upya, na upya tena, huku bando linaisha na betri inakwisha. Aliniwekea simu yake mbele ya sahani. "Hii kitu yako inataka niichungulie kama maziwa kwa moto," alisema. "Si ingekuwa yenyewe ndiyo inaniita?" Nikamwambia inawezekana. Kwa kawaida ukurasa wa tovuti ni bubu. Unauliza, unajibiwa, na mlango unafungwa. Nilichotakiwa kufanya ni kuuacha mlango huo wazi kati ya seva yetu, yaani kompyuta kuu ya kampuni, na kila simu, ili seva iweze kuzungumza kwanza bila kuulizwa, papo hapo, na simu ilie. Nilitumia wiki saba. Milango ilijifunga yenyewe mtandao ukiyumba, kengele zililia mara mbili, nyingine zilifika kesho yake. Na sitasema uongo, zile zilikuwa wiki za furaha kuliko zote nilizopata kazini. Asubuhi moja ya Julai nilikaa upande wangu wa ubao, nikabonyeza, na upande wa pili simu ya Mama Nafula ikalia ting. Nikamsikia akiweka kikombe chini na kusema, taratibu, "Eh. Imeniita."

Jumapili iliyofuata aliwaita wanawake wa geti. Nilibaki chumbani kwa aibu na nikasikiliza. Si wote waliokuwa na simu za aina hiyo. Simu moja ilitumikia mstari mzima wa nyumba, na mwenye nayo alikuwa na kazi ya kupaaza sauti. Achieng wa Mathare, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito ambaye simu yake ilihudumia majirani wengi, ndiye aliyeuliza maswali. Mama Nafula aliwaeleza kwamba hakuna haja tena ya kukaa kwenye baridi getini tangu alfajiri siku ambazo hakuna kazi. Kila mtu aende kwenye vibarua vyake vingine, kufua, kuuza, kulima kando ya mto, na simu ikilia ndipo aje. Alisema huyo mtoto wake wa upande wa pili ndiye aliyeitengeneza. Achieng akauliza: na ikilia uongo?

"Ikilia uongo," Mama Nafula alijibu, "mnitafute mimi."

Nililisikia jibu hilo kupitia ubao, wazi kabisa. Wanawake wale hawakuniamini mimi, hawakumjua Mbugua, na kompyuta hawakuijali. Waliacha geti lao kwa neno la mtu mmoja, na kama neno hilo lingevunjika asingebaki na kitu, maana hakuwa na cheo wala karatasi yoyote, alikuwa na kuaminika kwake tu. Nililijua hilo. Nataka lieleweke kwamba nililijua.

Ilikuwa Alhamisi ya Agosti, saa tatu unusu asubuhi, manyunyu na baridi ile ya kuingia mifupani. Siku hiyo kiwanda hakikutangaza kazi. Mbugua alikuwa anajiandaa kumwonyesha mteja mwingine kengele yetu, na alichukia sana maneno ya majaribio. Hakutaka kuona "jaribio moja mbili" kwenye skrini. Alitaka ujumbe uonekane wa kweli. Nilikuwa na madirisha mawili wazi, la seva ya majaribio na la seva yenyewe inayoita simu za wanawake, meusi yote mawili, yamelaliana. Nikaandika: Kazi ipo. Watu arobaini. Geti la nyuma. Njooni sasa. Nikabonyeza. Simu ya Otieno, iliyokuwa mezani kwake karibu na kikombe, ikalia ting.

Otieno aliitazama. Akanitazama mimi. "Njoki, hii imeingia kwa simu yangu," alisema. "Mimi siko kwa listi ya majaribio. Umetuma wapi?"

Nilijua nimetuma wapi. Kosa hilo amelifanya karibu kila mtu wa kazi yetu, na dawa yake ni nyepesi. Unatuma ujumbe wa pili: Samahani, si kweli, msije. Nilikuwa nimeshauandika. Maneno hayo manne yalikuwa kwenye skrini, kwenye dirisha sahihi, na hazikuwa zimepita hata dakika mbili. Achieng alikuwa hajamaliza hata kuwaita majirani zake. Ndipo mkono wa Mbugua ulipokuja juu ya bega langu, wenye joto, ukinuka kuku. Alikuwa amesoma kila kitu kutoka nyuma.

"Wacha," alisema. "Usiguse kitu. Tuone wangapi watakuja."

Nimesimulia habari za siku ile mara chache, na kila mara nilisimulia kwamba nilikosea dirisha. Watu hunihurumia, husema inatokea. Sikuwahi kusimulia kilichofuata, yaani kwamba niliondoa mkono kwenye kibodi na kuuweka mapajani. Hakunishika. Hakunitishia kazi. Alisema wacha, nami nikaacha, na kile kitufe kilikuwa umbali wa kidole. Otieno alisema jambo hilo si poa, kuna watu watatembea bure. Mbugua alichukua funguo za gari lake na kuondoka akipiga mluzi. Ule ujumbe wa pili nilikaa nikiutazama mpaka skrini ikajizima yenyewe.

Alirudi saa tano akiwa na mfuko wa chipsi na video. Alituita tuitazame. Wanawake walikuwa wanakuja kwa mstari kando ya barabara ya viwandani, wengine wanakimbia nusu, leso zimeloa, mmoja na mapovu ya sabuni mikononi mpaka kwenye viwiko kwa sababu aliacha kufua nguo za watu. Nilimtambua. Alikuwa Achieng. Mbugua aliichezesha video mara tatu, akitafuna, mafuta yakimmetameta kidevuni. "Ona vile wanakuja," alisema. "Hata tangazo la redio haliwezi hivi." Msimamizi mwanzoni alikuwa amekasirika, akawafukuza getini, lakini baadaye alimwita Mbugua pembeni kumweleza jambo alilolipenda. Wafanyakazi waliokuwa ndani walikuwa wameliona kundi lile kupitia madirisha, na tangu hapo hakuna hata mmoja aliyeomba ruhusa ya kwenda msalani. Mbugua alitueleza hayo kama mtu anayesimulia muujiza. Nilikwenda chooni kwetu, nikafungua bomba, nikatapika chai. Kisha niliosha uso na kurudi kwenye kiti changu. Hiyo ndiyo sehemu inayonichukiza zaidi, kwamba nilirudi kukaa.

Jioni ile Mama Nafula alipika mrenda. Alikuwa ametoka kuzunguka akiwatuliza wanawake, viatu vyake vilikuwa mlangoni vimejaa matope. Alinipakulia kwanza, kama kawaida, akaketi, akaniuliza kengele ya leo ilitoka wapi. Nilisema ni mitambo, Mama, wakati mwingine inajituma yenyewe. Niliyasema hayo nikiwa ninautazama ugali. Alisema sawa, na akaniongeza mboga. Baadaye Achieng na wengine wawili wakaja, nami nikajificha upande wangu. Achieng alisema mwenye nguo amemwambia asirudi tena, ameacha beseni katikati ya kazi. Hakupaaza sauti. Aliuliza tu nani aliyetuma. Nikamsikia Mama Nafula akijibu kwamba amemuuliza Njoki, na Njoki amesema ni mitambo, na Njoki hawezi kumdanganya akiwa anakula chakula chake. Ule mrenda haukuteremka wenyewe. Ulikaa kooni usiku kucha.

Oktoba Mbugua alikifanya kile kitendo kuwa huduma. Msimamizi akiandika anataka watu ishirini, mfumo ungeita sitini. Ishirini wangeingia, arobaini wangerudi, na wote wangejifunza adabu. Ni mimi niliyeandika. Kazi yenyewe ilikuwa alama ya kuzidisha na namba moja tu, tatu, kitu cha kuandika ukiwa unafikiria mambo mengine. Tulikuwa tumeshaweka pia kisanduku kidogo kando ya kila jina ambacho msimamizi angeweza kubonyeza ili mtu huyo asiitwe. Nilikuwa nimeambiwa ni cha walevi na wezi. Mama Nafula alirudi getini na daftari lake, akamweleza msimamizi mbele ya watu kwamba mambo haya si haki na zamu zirudi. Msimamizi akamwambia enzi za madaftari zimekwisha. Wiki hiyo hiyo, nikikagua majina kwa sababu nyingine kabisa, nililiona lake likiwa na alama kwenye kisanduku. Nilifunga dirisha.

Basi simu yake ikanyamaza. Siku moja mwishoni mwa mwezi, baada ya kula, aliileta upande wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa kuwa aliheshimu ubao kuliko mimi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniomba niangalie kama imeharibika maana haimwiti tena. Niliipokea. Nilifungua mipangilio, nikajifanya ninasoma, nikakipangusa kioo chake kwa mkono wa sweta. Alinitazama muda wote huo na hakuonyesha haraka yoyote. Nilisema iko sawa, Mama, ngoja tu. Aliichukua, akashukuru, akatoka. Harufu ya ndimu ilikuwa imekwisha nguoni mwake wakati huo, na mimi nilikuwa siwezi tena kuoga na sabuni ya aina hiyo. Mpaka leo siwezi.

Nilihama Desemba, nikaenda mtaa wa Umoja, nikasema ni kwa sababu ya nafasi. Alinifungia kunde kavu kwenye gazeti na kunisindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba mto wangu kichwani. Kazi niliiacha Februari, kwa kupata kazi nyingine, wala si kwa ushujaa. Mbugua anaendelea vizuri. Hualikwa kwenye makongamano ya vijana kueleza jinsi alivyoanza na wazo moja, na kuna mahali nilimsikia akisimulia, watu wakipiga makofi, kuhusu asubuhi ambayo kwa bonyezo moja aliwafanya watu wakimbie kwenye mvua. Alisema ndipo alipojua kwamba kitu kinafanya kazi. Kunde zile sikuzipika. Zilikaa kabatini mpaka zikaingiwa na wadudu.

Jumapili nilifika Kaloleni mapema kuliko nilivyotaka. Ukumbi ni ule ule, na ukiwa umejaa husikika mlio wa viti vya plastiki vikivutwa. Otieno alikuwa ameniwekea nafasi kando yake. Kwenye meza ya mbele palikuwa na picha ya Mama Nafula, maua, na kikapu. Nafula, ambaye sasa ni mwalimu na ana mwili wa mama yake, alinijia kabla sijakaa vizuri. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Alisema mama yake aliagiza kwamba siku nitakayokuja nionyeshwe kitu, akaniwekea mapajani lile daftari, bado limefungwa kwa mpira wa tyubu.

Palikuwa na alama mahali pa kufungua. Ilikuwa Alhamisi ile ya Agosti. Mama Nafula alikuwa ameandika majina ya wanawake wote waliokuja getini kwa kengele yangu, kila moja kwa mwandiko wake wa kulala, na kila moja lilikuwa limekatwa kwa mstari. Nafula alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake alitumia wiki mbili kwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na kila aliyempokea, jina lake alilikata. Kila jina lilikuwa limekatwa isipokuwa la mwisho. La mwisho lilikuwa Njoki. Niligeuza ukurasa, likawa liko juu. Niligeuza tena. Hata baada ya geti kumfungia, alilitumia daftari kwa zamu za maji uani na zamu za kufagia kanisa, na juu ya kila ukurasa, kabla ya mtu mwingine yeyote, alikuwa ameniandika. Niligeuza miaka. Mwandiko ulikuwa umeanza kutetemeka kwenye kurasa za mwisho, na jina langu likawa kama mikwaruzo, lakini lilikuwepo. Hapo ndipo nilipoielewa simu aliyoniletea Oktoba ile. Haikuwa imeletwa kutengenezwa.

Mwongozaji wa mkutano aliuliza kama kuna mwenye neno kabla ya sala ya mwisho. Nilisimama. Nilisema naitwa Njoki, nilikaa kwa Mama Nafula, na kengele ya uongo ya Agosti niliituma mimi. Nilisema kukosea nilikosea, lakini ujumbe wa kuwazuia ulikuwa mbele yangu na nikauacha, kwa kuwa mtu aliniambia niache. Nilisema nilimdanganya mezani kwake na nikamdanganya tena kitandani kwangu. Niliongea vibaya, nikirudia maneno. Simu ya mtu ikalia ting katikati, na hakuna aliyeipokea.

Achieng alikuwa kiti cha pili kutoka mbele, mnene sasa, na mkongojo. Nilimfuata nikiwa na daftari, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikamnyooshea pamoja na kalamu, kwa sababu mtu hajikati mwenyewe na sikumwona mwingine wa kukata. Alilitazama jina langu kwa muda. Alisema walijua tangu wiki ile ile, Otieno aliwaambia, na Otieno pale alipokaa akainamia viatu vyake. Mama Nafula ndiye aliyewakataza kuniuliza. Alisema nitakuja mwenyewe. Kisha Achieng akanirudishia kalamu, akalifunga daftari, akauvuta mpira wa tyubu mpaka ukashika, na kuliweka chini ya kwapa lake.

"Kesho kuna magunia mawili ya viazi za matanga za kumenya, nyuma ya nyumba ya marehemu," aliniambia. "Kuja saa kumi na mbili asubuhi. Na usingoje kuitwa na simu."